Naomba ushauri: beringi ya feni ya oveni, ZZ C3 au nyingine?

Habari wakuu. Kwenye kiwanda cha mikate ninakofanya matengenezo, feni inayozungusha hewa ya moto ndani ya oveni inakula beringi mno. Iliyofungwa ni 6205-2RS, ya kifuniko cha mpira. Oveni inafika nyuzi 230, na hauzingi (kasha linaloshika beringi) ya upande wa moto nimeipima uzalishaji ukiendelea: nyuzi 135. Ukiifungua, mpira umekakamaa na kupasuka kingo, grisi imekuwa nyeusi na kavu kama masizi. Ndivyo inavyotarajiwa, maana mpira wa nitrili mwisho wake ni kama nyuzi 100.

Nafikiria 6205-ZZ C3. Kifuniko cha bati hakiungui, na C3 inaacha nafasi zaidi ndani pale shafti inapotanuka. Kinachonitia wasiwasi ni grisi: ZZ nyingi za dukani huja na ya lithiamu, ambayo kwa joto hili haidumu. Tena bati haligusi ringi ya ndani, kwa hiyo vumbi la unga linapenya.

Wenye uzoefu, nitafute ZZ yenye grisi ya poliurea, inayovumilia joto zaidi ya lithiamu, au 2RS ya mpira wa FKM unaovumilia hadi nyuzi 200? Au niweke ya wazi na tundu la kupigia grisi? Hapo grisi lazima iwe ya daraja H1, yaani isiyo na madhara ikigusa chakula kidogo kwa bahati mbaya; hiki ni chakula cha watu.

Na muuzaji akisema tu "hii ni ya joto", nisome alama gani kwenye boksi kabla sijalipa? Natanguliza shukrani.