Furaha ya majirani wa barazani, je, inahamishika?

Mhamiaji wa Mbweni anauliza:
Assalaam aleikum, na salamu kwenu nyote. Nimekulia katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, ambako nyumba nyingi zina baraza la mawe lililojengwa pamoja na ukuta, na ambako masika yakijaza maji njiani watu hupita juu ya mabaraza hayo hayo huku wakiwasalimu waliokaa. Jioni muuza kahawa alifika na dele lake akigonganisha vikombe, wazee wakacheza bao, na sisi watoto tukajifunza kutania kwa kuwasikiliza, kwani hapakuwa na mzee aliyeridhika kumfunga mwenzake bila kumsindikiza na maneno. Mwaka jana tulihamia Mbweni, Dar es Salaam, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu na geti la chuma. Majirani ni watu wema, ila salamu yetu ni honi ya gari, na mke wangu anasema hajasikia mtu akicheka nje tangu tufike. Je, yupo aliyewahi kuianzisha furaha ile mahali ambapo haikuwapo?

Mpangaji wa zamani, Ilala:
Ndugu yangu, mimi si mtu wa baraza, ni mtu wa uani. Nyumba tuliyopanga Ilala ilikuwa na vyumba 6, vitatu kila upande wa ukumbi, na nyuma kulikuwa na ua mmoja wenye jiko, bomba na choo cha wote, kwa hiyo kununiana hakukudumu, maana asubuhi mngekutana tu kwenye foleni ya maji. Mwenye nyumba alikuwa Mzaramo na jirani yangu wa chumba Mnyamwezi, watani wa tangu enzi za misafara ya wapagazi. Siku Mnyamwezi alipolala na homa kali, mzee aliingia na futi ya seremala, akaanza kumpima kitandani akilalamika kwamba marehemu wa Kinyamwezi humaliza mbao. Mgonjwa alicheka, akakaa, akaomba uji. (Uji wenyewe, nisisahau, ulipikwa na mke wa huyo huyo Mzaramo.) Nisingehangaika kutafuta watu wacheshi, ningetafuta jambo linalowakutanisha watu kila siku bila kualikana. Kwa mfano, toa benchi nje ya geti.

Bibi wa Michenzani:
Kaka, benchi ni la wanaume. Mimi naishi katika maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na hapa ngazi ndiyo baraza letu. Ramadhani ikiingia, mabakuli hupanda na kushuka kabla ya magharibi: huyu muhogo wa nazi, yule tambi, mwingine kaimati. Siri iko katika bakuli, kwa sababu halirudishwi tupu, na anayelirudisha naye hubaki mlangoni akizungumza mpaka maghrib iadhiniwe. Ikifika harusi hatuulizani nani atakuja. Tunaulizana nani analeta kisu cha kukatia vitunguu, na usiku huo wa kukata vitunguu, wallahi, una vicheko kuliko harusi yenyewe. Mwambie wifi yangu apeleke bakuli nyumba moja tu, halafu asubiri.

Msomaji wa Tanga:
Nakubaliana nanyi, lakini tusimfiche mwenzetu gharama yake. Mtaa unaocheka pamoja hujua pia umepika nini na umegombana na nani. Mimi niliwahi kusikia habari za posa yangu barazani kabla mshenga hajarudi nyumbani. Nilikasirika siku 3, kisha nikarudi kukaa pale pale.

Mhamiaji wa Mbweni:
Nawashukuru sana. Ijumaa mke wangu alipeleka kaimati kwa jirani wa mkono wa kulia, na siku 4 zikapita kimya hata akaanza kuliombolezea bakuli lake. Jana jioni jirani alikuja mwenyewe kwa miguu, bakuli limejaa ndizi, akaomba radhi kwa kuchelewa, kisha akauliza kama ni kweli Wazanzibari hutia sukari hata kwenye mchuzi. Nilimjibu kwamba tunatia kwa wageni wanaochelewesha vyombo vya watu. Tulisimama getini mpaka mbu wakatufukuza. Benchi nimeliagiza kwa fundi.