Mwaka wa kwanza wa digrii ya biashara hapa Mbeya: tunaachwa tujipangie kozi gizani, tukikosea tunaadhibiwa

Wakuu, nimechoka na lazima niliseme hili.

Kidato cha tano na sita nilisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Hesabu niliachana nazo kidato cha nne. Siku ya kusajili kozi chuoni, mvua ya Mbeya mnaijua, foleni ilianzia mlango wa idara mpaka kwenye ngazi. Ubaoni kulikuwa na karatasi moja imelowa pembeni: misimbo, majina ya kozi, krediti (uzito wa kila kozi). Basi. Hakuna mahali pameandikwa hii inatangulia ile. Nilipofika dirishani nikasema, "Shikamoo mama, natokea HKL, Hesabu za Biashara nichukue sasa au muhula wa pili?" Hata macho hakunyanyua. "Chagua tu mwanangu, ilimradi krediti zitimie. Anayefuata!"

Nikaisogeza muhula wa pili, nikajaza nafasi na kozi ya hiari. Muhula wa pili nafungua mfumo nisajili Takwimu, maandishi mekundu: hujafaulu kozi tangulizi. Hesabu ndiyo tangulizi, lazima uifaulu kwanza! Sasa niko mwaka wa pili, Takwimu naisoma na wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, na inagongana na Uhasibu wa Gharama Jumanne saa mbili asubuhi. Nikiingia huku, kule nimekosa. Usimamizi wa Fedha nao unadai Takwimu kwanza. Kozi moja imeniburuzia tatu.

Mkopo umepangwa kwa miaka mitatu. Mzee wangu analima viazi Isyonje. Huo mwaka wa nne nitamwambia alipe na nini?

Na msiniambie "ungesoma prospekta". Hicho kitabu cha maelezo ya chuo nilikisoma. Kozi tangulizi zimetajwa huko nyuma kabisa, kwenye maelezo ya mwaka wa pili, wakati uamuzi unafanyika wiki ya kwanza. Nina mshauri wa taaluma pia, jina lake nimelijua mwezi wa tatu.

Krediti zenyewe hatukufafanuliwa. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) krediti moja ni saa 10 za kazi, pamoja na kujisomea, na mwaka unahitaji krediti 120. Kwa hiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120. Mtu wa ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) anaziona Uhasibu na Hesabu kama marudio. Mtu wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) au HKL anaanza debiti na krediti za leja kutoka sifuri, halafu mnampa karatasi ileile na dakika mbili dirishani!

Mnaoanza mwaka huu, nawasihi: Uhasibu wa kwanza, Hesabu za Biashara na Uchumi chukueni muhula wa kwanza hata kama mnaogopa, maana ndizo zinazofungua Uhasibu wa pili na Takwimu. Ya hiari isubiri. Na kabla ya kubonyeza kuthibitisha, mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, wekeni ratiba ya mwaka wa pili mezani msome kwa kurudi nyuma.

Idara ingebandika karatasi moja tu yenye mishale, hii kisha ile, nisingekuwa hapa.

Jumatatu naenda kwa mkuu wa idara na matokeo yangu mkononi. Kama na wewe umekwama kwa sababu ya kozi tangulizi, andika hapa chini ni kozi ipi na mwaka gani. Nataka niende na orodha, nisiende peke yangu.