Utepe wa kingo za mfarishi unanishinda, mnauweka wapi wakati mnashona?

UziMwekundu (mtoa mada)
Habari zenu wakuu, natumaini ni wazima. Nina mfarishi hapa, haya mashuka mazito ya viraka yenye pamba katikati na bitana chini. Kazi yote imeisha, imebaki kuzungushia utepe kwenye kingo. Utepe nimeshakata, nimeunga, nimeukunja nusu kwa nusu na kuupiga pasi. Ni mrefu kama mita kumi hivi.

Shida inaanza nikikaa kwenye cherehani. Utepe unashuka sakafuni na kujisokota. Jana umeingia kwenye mkanda (cherehani yangu ni ya kukanyaga), ukatoka na doa la oili refu kama kidole. Leo nikaurundika mapajani, nikashona karibu nusu mita, kuja kugeuza naona nimeushona wenyewe kwa wenyewe na bitana humo humo. Nimefumua mpaka macho yanauma. Naogopa nitauharibu wote na kitambaa chake kimeisha.

Naomba kujua, wenzangu mnauweka kwenye nini? Mfuko? Boksi? Jumamosi natakiwa niwe nimemaliza. Asanteni.

PindoRefu
Pole sana dada. Chukua lile bomba la boksi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Viringisha utepe humo kuanzia ncha ya mwisho, ili ncha utakayoanzia kushona ibaki juu. Zamani nilikuwa naanza kinyume. Nikishamaliza kuviringisha ndiyo nagundua ncha ninayoitaka iko ndani kabisa, nafungua wote upya.

Umenikumbusha mfarishi wangu wa kwanza. Nilishona usiku, taa moja, kiti changu kina magurudumu. Utepe ukapita chini ya gurudumu nami nasukuma kiti kwa nguvu zote nikidhani kimekwama kwenye zulia. Nilipoinama kuangalia, kipande cha karibu mita nzima kimekunjamana na kimechafuka. Mke wangu aliamka akanikuta nafua utepe saa nane usiku. Tangu siku hiyo nashonea kiti cha miguu minne.

Kibaraza
Uvae shingoni kama fundi anavyovaa futi. Akipita mgeni atajua kabisa hapa kuna kazi.

BiSindano
Kibaraza anatania ila wapo wengi wanaouvaa shingoni kweli, na kwa utepe mfupi inafaa. Ukiwa mrefu unakuvuta shingo, na kila ukigeuka nao unavutika.

Mwanangu, kwenye cherehani mzigo wa mfarishi unakaa kushoto kwako, ukingo unaoshona uko kulia, na utepe unaingia kutoka mbele, yaani kutoka kwako. Kwa hiyo chombo chako kikae mbele upande wa kulia, juu ya meza au kwenye kistuli, kisikae chini karibu na kanyagio. Bakuli pana linatosha. Unaulaza utepe humo zigizaga, tabaka juu ya tabaka, mkunjo wote ukiangalia upande mmoja, nao unapanda wenyewe bila kuvutwa. Bomba la boksi nalo zuri, mradi usikaze.

Lakini kabla sijaendelea, nieleze. Upana wake ni kiasi gani? Na umekata kwa kufuata nyuzi za kitambaa au umekata hanamu, yaani mshazari kukatiza nyuzi?

UziMwekundu (mtoa mada)
Asanteni sana. PindoRefu bomba ninalo, nalijaribu sasa hivi. Mama BiSindano, ni utepe wa kawaida tu, sentimita 6.5 kabla ya kukunja. Mnaonaje nikiuweka kwenye kopo la dawa lenye tundu kwenye mfuniko?

NenoLaHaki
Ndugu zangu, tatizo la siku hizi ni haraka. Mtu anaanza leo, kesho kutwa anataka kukabidhi. Kingo ndizo zinazoshikwa kila siku na ndizo zinazochakaa kwanza, kwa hiyo zinastahili utulivu kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukikosa subira hata bakuli la dhahabu halitakusaidia.

Rula30
Mtoa mada, umeulizwa maswali mawili ukajibu moja. Ni hanamu au siyo? Kopo lenye tundu kwa utepe wa hanamu ni kosa, maana tundu linaukaza kila unapopita.

UziMwekundu (mtoa mada)
Ni hanamu.

Rula30
Sawa. Na mfarishi una pembe nne za kawaida?

UziMwekundu (mtoa mada)
Ni wa mstatili, 170 kwa 200.

Rula30
Mstatili wenye pembe nne hauhitaji hanamu. Unakata tepe zilizonyooka, unaokoa kitambaa, na hazivutiki hovyo. Hanamu tunaikata kwa ajili ya mviringo, kwa sababu inapinda bila kukunjamana. Au ulitaka mistari ya kitambaa ilale upande kwa urembo? Nauliza kwa nia njema, jibu la chombo cha kuhifadhia linategemea hapo.

UziMwekundu (mtoa mada)
Haya, ngoja niseme. Mimi kona za kukunja zinanishinda, kila nikijaribu zinatoka na kidonda. Nikaona bora niziviringe. Nimeweka sahani ya sentimita 26 kwenye kona, nikachora, nikakata. Nimekata mbili, bado mbili. Ndiyo maana utepe ni hanamu. Na kona zilizoviringwa zinapendeza, wengi wanazifanya.

PindoRefu
Hakuna ubaya hapo dada, mfarishi ni wako. Mimi wangu wa tatu niliuviringa kona zote kwa mfuniko wa sufuria.

BiSindano
Ni wako kweli? Umesema "natakiwa niwe nimemaliza". Umetakiwa na nani?

UziMwekundu (mtoa mada)
Siyo wangu. Kuna dada aliushona mwenyewe kwa mkono, viraka vyote, miezi mingi. Akaniomba nimzungushie utepe kwa cherehani kwa sababu mkono unamsumbua. Aliniambia tu "nimalizie vizuri". Hakusema kona ziwe za mraba. Kwa hiyo sijakiuka kitu. Na hata nikitaka kuziacha hizo mbili zilizobaki, utepe hautatosha, nilipiga hesabu ya mviringo. Tafadhali turudi kwenye swali langu la kuhifadhi.

NenoLaHaki
Dada, umekata kazi ya mikono ya mtu bila kumuuliza! Tabaka zote tatu! Hilo halirudi kwa sindano wala kwa gundi. Mwambie leo hii.

Kibaraza
Hapa sasa hata mimi nimenyamaza.

UziMwekundu (mtoa mada)
Nikimwambia sasa atauchukua ukiwa nusu nusu, itaonekana vibaya zaidi. Nikimaliza zote nne atauona umependeza. Ninyi hamjauona. Isitoshe huu utepe wenyewe unanichanganya. Nilipoukata niliupima sentimita 760. Leo nimeupima wakati naviringisha kwenye bomba, 789. Ndiyo maana nauliza mnauhifadhi vipi!

Macho4
Nimekuwa nasoma kimya tangu mwanzo, sasa niseme. Tunafungwa kamba hapa. Bandiko la kwanza utepe ni mita kumi. Halafu ni 760. Halafu umelala ukaamka 789, kama mtoto anayekua. Mstatili wa 170 kwa 200 mzunguko wake ni 740, ukiongeza 40 za kuunganishia ni 780. Kwa hiyo utepe wa 760 usingetosha tangu mwanzo, na mtu mwenye utepe usiotosha asingekaa anauliza habari za bakuli. Mfarishi haukuwa wa mtu mwingine mpaka alipoulizwa, kona hazikuwa zimekatwa mpaka alipoulizwa. Na hakuna picha hata moja. Stori inashonwa humu humu.

PindoRefu
Aisee. Na mimi nimetoa mpaka habari za kufua usiku.

Kibaraza
Picha, mtoa mada. Hata ya bakuli tu.

Rula30
Macho4, hesabu yako ni sahihi kwa kona za mraba. Fanya ya kona za sahani. Sahani ya 26 ina nusu kipenyo 13. Kona ya mraba ingekula 13 na 13, yaani 26. Mviringo unakula kama 20.4. Kila kona unaokoa 5.6, kwa nne ni karibu 22. Toa kwenye 740, unabaki na 718. Ongeza 40 unapata 758. Yeye alikata 760. Mtu anayebuni stori hafikii namba hiyo kwa kubahatisha. "Mita kumi hivi" ya mwanzo ni mtu anayekadiria kwa macho akiwa na hofu.

Ila dada, hesabu hiyo hiyo inakukatalia. Ukiacha kona mbili za mraba, mzunguko ni 729. Kwa 760 unabaki na 31. Utepe unatosha.

PasiYaMoto
Na hizo 29 zilizoongezeka zina maelezo. Mtoa mada, ulipiga pasi vipi? Ulibana sindano kwenye meza ya pasi ukawa unavuta utepe kupita chini yake, pasi ikiwa na mvuke?

UziMwekundu (mtoa mada)
Ndiyo. Ndivyo nilivyoona kwenye video.

PasiYaMoto
Basi ndiyo hiyo. Kwa utepe ulionyooka njia hiyo ni nzuri na ina kasi. Kwa hanamu unauvuta ukiwa na joto na unyevu, unalala hivyo hivyo. Halafu ukauviringisha kwa kukaza, umeuvuta tena. Na ukitaka Macho4 aamini, pima upana. Hanamu ikirefuka lazima iwe nyembamba. Ulikata 6.5, ukikunja ni 3.25. Pima sehemu tano tofauti utuambie.

UziMwekundu (mtoa mada)
Nimepima. 3.25, 3.1, 3.1, 3.2, 3.1. Sikujua kabisa kama inapungua. Picha ya rula nimeiambatisha, na ya kona.

Macho4
Nimeona picha. Kona kweli zimekatwa, na viraka vile ni kazi ya mkono. Naomba radhi dada, nilikuhukumu.

BiSindano
Sasa tushone. Mwanangu, sikiliza polepole.

Huo utepe uvue kwenye bomba sasa hivi. Ulaze mezani bila kuuvuta, urashie maji kidogo kidogo, uuache upumzike mpaka ukauke. Utajirudi, hata kama si wote. Kisha upige pasi kwa kubonyeza na kuinua. Usiisukume pasi. Ukiwa na wanga wa kunyunyiza, nyunyiza, utausaidia kutulia. Ukishona hanamu iliyovutika, ikifuliwa itarudi na kuukunja ukingo wote, mfarishi utakuwa na mawimbi kama jani. Baada ya hapo uweke zigizaga kwenye bakuli. Usiutundike, usiuviringishe kwa kukaza.

Kona mbili ulizokata, ziko upande mmoja au mkabala?

UziMwekundu (mtoa mada)
Upande mmoja. Upande mfupi.

BiSindano
Mungu amekuonea huruma. Huo ndio utakuwa upande wa miguuni. Kitandani watu huviringa kona za miguuni makusudi ili zisiburute chini, na za kichwani huachwa mraba. Kwa hiyo hizo mbili zilizobaki usiziguse. Kona ya mraba nitakufundisha hapa hapa. Shona ukifika robo inchi kabla ya ukingo, simama, kaza, kata uzi. Pandisha utepe juu mpaka mkunjo uwe hanamu kamili, halafu ushushe chini ulingane na ukingo wa pili, mkunjo wa juu ukae sawasawa na ukingo uliotoka. Anza kushona kutoka ukingoni kabisa. Kidonda unachokiona ni kwa sababu unapitiliza ile robo inchi. Jaribu kwenye kitambaa chakavu mara nne, ya tano itakubali hata kwa hanamu.

Kwenye mviringo usivute utepe ufuate kona. Ulegeze kidogo ndani ya mviringo, bana kwa vibanio vya karibu karibu. Ukiuvuta kona itajikunja kama kikombe.

Na mwenye mfarishi umwambie. Hilo sikufundishi, unalijua.

UziMwekundu (mtoa mada)
Nimemtumia ujumbe na picha za kona. Nimemwandikia kwamba niliogopa kona za kukunja na sikumuuliza. Ameusoma. Amejibu "nipigie jioni" basi. Tumbo linaniuma.

Utepe nimeulaza mezani tangu saa nne. Nimeupima tena, 768. Kona ya mraba nimejaribu mara sita kwenye kitambaa chakavu, mbili za mwisho hazina kidonda.

Rula30
768 ni nzuri. Kabla ya kushona, zungusha utepe wote kwenye mfarishi kwa vibanio, uone viungo vinaangukia wapi. Kiungo kikiangukia kwenye kona, sogeza mwanzo wako. Acha mkia wa sentimita 25 kabla ya mshono wa kwanza, na usianzie karibu na kona.

Kibaraza
Ukishampigia utuambie dada. Tupo.

ViraKaVingi
Wakuu samahani kuingilia. Mimi nina utepe wa hanamu nimeutundika kwenye msumari nyuma ya mlango tangu mwezi uliopita, nikidhani ndiyo kuutunza. Niushushe?

BiSindano
Ushushe sasa hivi. Upana wake ulikuwa ngapi ulipoukata?