Mkuu wa idara anataka jina lake liwe la kwanza kwenye makala yangu, na mkunga tuliyefanya naye kazi ameachwa. Naomba ushauri

Daktari_Mwanafunzi:
Wakuu, habari za muda huu. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu wa kuchapisha kwenye majarida ya kitabibu.

Nasomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Tasnifu yangu ilihusu kina mama waliolazwa na kifafa cha mimba. Imeshapita, na msimamizi wangu amenishauri niigeuze kuwa makala. Tatizo limeanzia kwenye majina. Mkuu wa idara ameagiza jina lake litangulie, langu lifuate, halafu waingie madaktari bingwa wengine wawili. Katika hao watatu hakuna aliyeisoma tasnifu. Mkuu alisaini barua ya kuniruhusu kukusanya data wodini, na kwa hilo namshukuru.

Kwa upande mwingine kuna muuguzi mkunga. Mwanzoni nilikuwa nanakili presha kutoka kwenye mafaili. Siku moja akaniita mezani kwake, akafungua mafaili na kunionyesha kwamba karibu kila kipimo kinaishia na sifuri: 140/90, 150/100, 160/110. Akasema, "Dokta, hizi zimekadiriwa." Tukarudi kamati ya maadili kuomba kibali cha kubadilisha utaratibu, kina mama wakaanza kupimwa mara mbili mbili, na yeye akasimamia upimaji huo. Bila yeye matokeo yangu yasingeaminika. Sasa naambiwa wauguzi huwa wanashukuriwa tu mwishoni mwa makala. Hili linaniuma kuliko hata hilo la jina langu. Nifanyeje?

Wodi_ya_Wazazi:
Pole sana, daktari. Nakushauri kama mdogo wangu: weka jina la mkuu, umalize shule. Fomu zako za mwisho zinapita mezani kwake. Makala utaandika nyingine nyingi ukishakuwa bingwa. Huyo sista mnunulie zawadi nzuri, ataelewa.

Bi_Mhariri:
Daktari, hongera kwa kazi. Nimekuwa mhariri msaidizi wa jarida la kitabibu hapa nyumbani hadi nilipostaafu, na fomu ya waandishi ndiyo niliyokuwa nikiisoma kabla hata ya muhtasari. Fomu yenye saini tano za wino mmoja na mkono mmoja nilikuwa naijua kabla sijaivalia miwani. Nikimwandikia mwandishi wa tatu kumuuliza alichangia nini, jibu linatoka kwa mwandishi wa kwanza.

Majarida mengi ya tiba yanafuata mwongozo wa Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Kitabibu, ICMJE. Kuitwa mwandishi kuna masharti manne, na yote lazima yatimie. Uwe umechangia kwa uzito kwenye wazo na mpango wa utafiti, au kupata data, au kuichambua na kuifafanua. Uwe umeandika rasimu, au umeipitia kwa jicho la kitaalamu. Uwe umeidhinisha nakala ya mwisho. Na ukubali kuwajibika, likizuka swali kuhusu sehemu yoyote ya kazi hiyo, kuhakikisha linachunguzwa na kupata jibu. Kutafuta fedha, kuongoza idara au kusaini barua ya ruhusa hakutoshi. Hayo yanatajwa kwenye shukrani, tena kwa idhini ya anayeshukuriwa.

Wodi_ya_Wazazi, nakuelewa, na najua hofu hiyo inatoka wapi. Lakini sharti la nne si la kupuuza. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet lilitoa makala iliyodai kwamba dawa ya hidroksiklorokwini inaongeza hatari ya kifo kwa wagonjwa wa korona: wagonjwa zaidi ya 96,000, hospitali 671, mabara sita. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza kusimamisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Data yote ilitoka kwa kampuni moja ya Marekani, Surgisphere, na mwenye kampuni alikuwa mmoja wa waandishi wanne. Wanasayansi wakahoji. Miongoni mwa waliyohoji ni takwimu za Afrika: ilionekana kana kwamba karibu robo ya wagonjwa wote wa korona barani walikuwa kwenye hospitali zilizohusishwa na kampuni hiyo, zenye kumbukumbu za kompyuta za hali ya juu. Yeyote aliyewahi kutafuta faili masjala za kwetu angeshtuka. Waandishi wengine watatu wakaomba data ikaguliwe na watu huru, kampuni ikakataa kuitoa yote, na tarehe 4 Juni wakaomba makala iondolewe. Walikuwa wameweka majina yao juu ya data ambayo hawakuweza kuifikia. Waliokuwa wakisubiri kujua dawa ya kuwapa wagonjwa wao walikuwa wodini wakati huo, na hilo ndilo linalonikera hadi leo.

Kwa hiyo mkuu wako akitaka kuwa wa kwanza, ajue anaingia wapi. Akiulizwa kwa nini vipimo vilibadilishwa katikati ya utafiti, atajibu nini?

Sasa mkunga. Hapa ndipo watu wengi wanapotosha mwongozo. Wanasema hakuandika rasimu, kwa hiyo hafai. Mwongozo wenyewe unakataza hila hiyo: aliyetimiza sharti la kwanza lazima apewe nafasi ya kushiriki kuandika, kupitia na kuidhinisha. Aliyegundua kwamba presha zimekadiriwa, akasimamia zipimwe upya, amechangia kwenye namna data ilivyopatikana, na huo ni mchango wa akili. Cheo cha uuguzi hakimo kwenye masharti. Zawadi mnunulie, lakini jina ni haki yake.

Daktari_Mwanafunzi:
Ahsante sana, Bi Mhariri. Kumkabili mkuu peke yangu siwezi. Je, nikiituma makala halafu nikamweleza mhariri wa jarida siri hii, atanisaidia?

Bi_Mhariri:
Hapana, usifanye hivyo. Mhariri haamui nani ni mwandishi. Ugomvi wa majina ukizuka atasimamisha makala na kuurudisha chuoni kwenu, na makala ikishatoka, kuongeza au kuondoa jina kunahitaji maelezo na ridhaa ya maandishi ya waandishi wote. Malizeni kabla ya kutuma.

Anza na msimamizi wako, maana yeye ana sauti. Tengenezeni jedwali la ukurasa mmoja: kila jina, na kazi aliyofanya. Usimwandikie mkuu chochote kwenye nafasi yake, mwachie ajaze mwenyewe. Mpelekeeni pamoja na rasimu nzima na data, mumwombe kwa heshima asome na kutoa maoni kwa maandishi. Akisoma na kuikosoa kweli, bado hajatimiza sharti la kwanza. Lakini kama kuna uchambuzi haujakamilika, anaweza kuufanya, na hapo mtakuwa na cha kujadili kuhusu jina lake kuwemo. La kutangulia ni lako, kazi ni yako. Wale mabingwa wawili wapewe karatasi hiyo hiyo.

Rasimu ya kwanza kabisa mpe mkunga, leo ikiwezekana. Mpe sehemu ya mbinu za utafiti aiandike upya kuhusu upimaji wa presha, kwa maneno yake. Barua pepe mtakazoandikiana zitunze.

Wodi_ya_Wazazi:
Bi Mhariri, hilo la jedwali nalichukua. Kuna sista wetu wa chumba cha watoto njiti anastahili karatasi kama hiyo.