Nimejitolea kwenye matembezi ya kansa ya matiti, nijiandae vipi?

kijana_wa_mbagala: Wakuu habari za jioni. Mwezi huu wa kumi kuna matembezi ya kansa ya matiti hapa Dar, yanaanzia Coco Beach, nimejiandikisha kujitolea nikapangwa meza ya maji. Mama yangu mkubwa tulimzika mwaka juzi kwa ugonjwa huo, alificha uvimbe karibu mwaka mzima anasema mbona hauumi, sasa sitaki kuvaa tisheti ya pinki nipige picha nirudi home. Waliowahi kufanya nipeni uzoefu, na mtu akiniuliza mambo ya ugonjwa nimjibu nini, mi sio daktari.

dada_zai: Pole sana mdogo wangu. Mi nimeshafanya mara tatu. Fika saa kumi na moja alfajiri maana katoni zinashushwa giza bado, na jua la Oktoba unalijua, saa tatu tu watu wameshaloa jasho. Ila kubwa ninalotaka kukwambia ni hili, wanaotangulia ni vijana, wanachukua chupa wanasepa, we wasubiri wa mwisho. Wa mwisho ndo wagonjwa wenyewe, kuna aliyetoka kuchomwa dripu wiki hiyo hiyo, anatembea kidogo anasimama, na mara nyingi akifika meza zimeshakunjwa. Mwaka mmoja nililia kabisa, mama kafika na kilemba chake cha pinki anakuta chupa tupu chini na sisi wote tuko jukwaani tunasikiliza hotuba. Wekeni katoni mbili pembeni za hao wa nyuma asiziguse mtu.

nesi_wa_zamu: Dada Zai kasema kweli tupu. Naongezea, mtu aliyetolewa titi na tezi za kwapani, mkono wa upande ule unaweza kuvimba hata miaka baada ya upasuaji, kwa hiyo usimvute mkono huo wala usimbebeshe kitu, chupa ifungue kabisa ndo umpe.

Na kuulizwa utaulizwa, tena kwa kunong'onezwa. Mwanamke anarudi mezani kama anataka chupa ya pili kumbe anataka kusema nina kitu kigumu hapa kama punje ya harage. Usimwambie "sio kitu hiyo", usimtishe pia. Mwambie uvimbe mwingi wa kwenye titi sio kansa ila kwa kushika tu hakuna anayejua, apimwe, na kutouma kusimpe moyo. Ngozi ikiwa kama ganda la chungwa, chuchu ikiingia ndani au ikitoa damu, asisubiri hata wiki. Kama kuna hema la uchunguzi pale msindikize mpaka ndani, ukimwonyesha kwa kidole anakata kona anaenda kwake. Kama hakuna basi hospitali ya wilaya au Ocean Road, ile hospitali ya kansa hapa Dar.

baba_wa_mapacha: Na wanaume msituruke jamani. Katika wagonjwa 100 wa kansa hii mmoja hivi ni mwanaume, baba yangu mdogo alikuwa na kauvimbe nyuma ya chuchu akadhani jipu, akawa anakandia maji ya moto miezi.

kijana_wa_mbagala: Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Dada Zai hizo katoni mbili nanunua mwenyewe. Nesi, akigoma kuingia kwenye hema je?

nesi_wa_zamu: Usimlazimishe. Muombe namba, akikubali kukupa mpigie Jumatatu asubuhi, na kama unaweza nenda naye.