Mota ya boti ya rimoti inachemka: nibadilishe mota au propela?

Baba Imani, Umoja
Wadau, hamjambo. Mimi na binti yangu wa gredi ya nane tumejenga boti ya mbio ya sentimita 70. Mota ni 3660 (kipenyo milimita 36, urefu 60) ya 2000KV, ESC (kidhibiti cha kasi ya mota) ya ampea 120 inayopozwa kwa maji, betri moja ya lipo (lithiamu-polima) ya seli 4. Ilianza na propela ya nailoni ya milimita 36 ikaenda vizuri, ila boti ya mwenzake ilikuwa inampita kila mara. Tukafunga ya chuma ya milimita 42. Jumapili, kwenye bwawa moja huko Kiambu Road, ilichapa mbio dakika mbili kisha ikazima katikati ya maji. Tulipoivuta ufukoni mota ilikuwa haishikiki, na soketi ya njano ya betri imelainika hadi pini moja imelala upande. Binti alikaribia kulia. Je, ninunue mota yenye KV kubwa zaidi? Mwezi huu nina pesa ya kitu kimoja tu.

Kapteni wa Ruaka
Pole sana, na mpe pole binti. Tafadhali usibadilishe hiyo mota. KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti, ikiwa haina mzigo. Seli 4 ni volti 14.8, mara 2000 unapata 29,600. Kwa boti ya ukubwa huo inatosha kabisa. Ukipandisha KV utaongeza moto tu.

Kilichokuumiza ni zile milimita 6. Kwa mizunguko ileile na pichi (umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) ya namna moja, mzigo wa propela hupanda takriban kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Chukua kalkuleta: 42 gawa kwa 36, jibu lizidishe lenyewe mara tano. Inazidi 2. Yaani uliidai mota kazi maradufu. Nenda na 38, ambayo inaongeza mzigo kama asilimia 30. Kimbiza dakika moja, rudisha, pima. Mota ikizidi nyuzi 80, rudi kwa ndogo.

Fundi Kariobangi
Naunga mkono 38. Ukipata ya Octura, kampuni ya propela za boti za rimoti, namba X438 maana yake ni kipenyo cha milimita 38, na pichi mara 1.4 ya kipenyo. Lakini zinatoka kiwandani butu na hazijabalansiwa, na ukiifunga hivyo shafti itatetemeka hadi beringi ziishe. Mimi husimamisha nyembe mbili sambamba kwenye kipande cha mbao, napitisha msumari ulionyooka katikati ya propela na kuulaza juu ya nyembe. Panga la propela lililo zito zaidi linashuka lenyewe. Nalipunguza upande wa mgongo, kidogo kidogo, hadi propela itulie popote ninapoiachia.

Ndugu yangu, hapa sikiza vizuri: nyingi za Octura ni shaba yenye berili, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Piga msasa ndani ya maji, vaa barakoa, na binti asikae karibu.

Mama Boti
Mimi nina maoni tofauti kidogo. Siku moja mtahamia seli 6. Volti 22.2 mara 1400KV ni 31,080, mizunguko karibu ileile, lakini kwa nguvu sawa ampea zinashuka hadi theluthi mbili hivi. Ampea ndizo zilizoyeyusha soketi yenu. Hiyo ya njano kama ni XT60, imetengenezewa ampea 60, na ESC yenu ni ya 120! Weka XT90, soketi ya ampea 90, hata kabla ya propela. Barabara ya Luthuli hapa Nairobi utapata.

Kapteni wa Ruaka
Seli 6 ni kweli, Mama Boti, ila atahitaji betri, mota na pengine ESC kwa mpigo. Kwa sasa soketi na propela. Baba Imani, maji ya kupoza yalikuwa yanatoka kwenye kitundu cha ubavuni?

Baba Imani, Umoja
Hilo swali limeniokoa. Nimefungua boti: mpira wa maji ya kupoza ulikuwa umejikunja chini ya mota, na mizizi ya gugumaji imejisokota kwenye shafti kama uzi wa cherehani. Nimenyoosha mpira, nikaosha shafti na kupaka grisi mpya.

*Wiki mbili baadaye:* XT90 imeingia, propela ni 38, imebalansiwa kwa nyembe. Leo tumekimbia dakika moja, tukarudisha, tukapima: nyuzi 52. Tumerudi majini kwa dakika tatu, 61. Binti ameandika namba zote mbili kwa kalamu ndani ya kifuniko. Mwenzake bado yuko mbele kwenye mstari ulionyooka, lakini kwenye kona tunamshika.