Tupeane uzoefu: taa za gari zilizowahi kukutia majaribuni

Msafiri wa Tabata: Wakuu, habari za asubuhi. Leo nimetoka saa 11 alfajiri niwahi kazini, nageuza ufunguo, gari kimya. Hata taa ya ndani haiwaki. Mlinzi wa jirani ananiambia, "Bosi, mbona jana uliacha taa nyekundu za nyuma zinawaka usiku kucha?" Naapa nilizima kila kitu. Gari ni Toyota Spacio, otomatiki. Nasubiri mtu mwenye waya za jampa niazime umeme wa betri yake, na hapa nimekumbuka trafiki aliyewahi kunisimamisha Chalinze kwa sababu taa moja ya breki imekufa. Faini 30,000, na balbu yenyewe nilinunua elfu moja. Tupeane uzoefu, taa zimewahi kukufanyia nini?

Mluguru asilia: Hiyo ya 30,000 yamenikuta mara mbili, barabara ileile.

Kona ya Kitonga: Nimesoma neno "taa" mwili ukasisimka. Nilikuwa natoka Iringa kuja Dar na mke wangu, mtoto wa miezi 8 amelala nyuma. Saa 2 usiku tunashuka Kitonga. Mnaoipita mnaijua: upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, na malori yanapanda kwa gia nzito. Katikati ya kona taa za mbele zikazima. Zote mbili kwa mpigo, na harufu ya plastiki inayoungua ikaingia ndani.

Giza lile sijawahi kuliona tena. Mke wangu hakupiga kelele, alisema tu, "Baba, kushoto. Kushoto. Kuna mfereji." Nikapapasa swichi ya hazadi, zile indiketa zote zinazowaka pamoja, zikawaka. Zile zina njia yao ya umeme, na ndizo zilizotuokoa. Nikasogea kwa mwanga wa machungwa unaowaka na kuzima: unaona mwamba, huoni, unaona, huoni. Nikasimama.

Lori lililokuwa nyuma yetu likasimama pia. Kabla dereva hajashuka, utingo alishakata matawi na kuyatandaza barabarani. Dereva akaja na tochi, akafungua boksi la fyuzi. Kwenye mfuniko imeandikwa ampea 15, ndani imekaa fyuzi ya 30. Soketi ya balbu imeyeyuka, imeshikana na balbu. Mwezi mmoja nyuma nilifungiwa balbu za wati 100 kwa 90, yaani 100 ukiwasha ful na 90 ukiwasha dimu, ili nione mbali. Fyuzi ya 15 ikawa inakatika, fundi akaweka ya 30 na kuniambia haitanisumbua tena.

Yule dereva akasema, "Nifuate taa zangu, usinipite." Akatuongoza polepole mpaka Ruaha Mbuyuni. Nilimpa hela akakataa, akachukua chupa ya maji. Mpaka leo sijui jina lake, namwombea.

Bint Pangani: Machozi. Mtoto aliamka?

Kona ya Kitonga: Hakuamka. Aliamka tumeshafika Mikumi, anadai kunyonya.

Dar-Tunduma: Madereva wa malori wanasemwa sana, lakini ukikwama usiku ndio ndugu zako.

Kijana wa Sinza: Mkuu, ungefunga LED. Zinakula umeme kidogo, mwanga mweupe kama mchana.

Mluguru asilia: Nyie wa LED ndio mnaotupofusha! Taa ile imetengenezewa balbu ya kawaida. Ukichomeka LED ya dukani mwanga unatawanyika, anayekuja mbele haoni kitu.

Kijana wa Sinza: Mimi nimezirekebisha, sipofushi mtu.

Mluguru asilia: Umejiangalia ukiwa mbele ya gari lako?

Fundi Waya: Jamani, msikilizeni wa Kitonga. Balbu ya kawaida ya taa ya mbele, aina ya H4, ni wati 60 kwa 55. Mbili za 60 kwenye umeme wa volti 12 zinavuta ampea 10, fyuzi ya 15 inatosha. Mbili za 100 zinavuta karibu 17. Fyuzi ilikatika kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake. Ukiweka ya 30, kinachoungua ni waya.

Dar-Tunduma: Na mafundi ndio mnaoziweka hizo za 30.

Fundi Waya: Wapo, na wanaua watu. Mimi mteja akileta hizo balbu namfungia rilei, swichi inayobeba umeme mkubwa, na waya mnene kutoka kwenye betri, au namrudisha nyumbani nazo.

Bint Pangani: Langu nikikanyaga breki, taa za paki zinafifia na indiketa inawaka nusu. Nimebadilisha balbu tatu.

Dar-Tunduma: Vuta waya mpya moja kwa moja kutoka betri, umalize.

Fundi Waya: Dada, usivute waya wowote. Hiyo ni ethi mbovu, waya wa kurudisha umeme. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi unapita kwenye balbu za jirani. Fungua buti, tafuta waya wa taa uliofungwa kwa bolti kwenye bati, utakuta kutu. Piga msasa mpaka bati ling'ae, kaza.

Mzee wa Probox: Dawa ya taa ni kulala saa 12 jioni popote ulipofika.

Mama Juhudi: Mbona wote mmemwacha mwenye uzi? Msafiri, angalia kwenye kapeti chini ya pedeli ya breki. Ukiona vipande vya plastiki kama biskuti iliyovunjika, ni kile kistopa kidogo kinachobonyeza swichi ya taa za breki. Kikizeeka kinapukutika, taa zinawaka hata ukizima gari. Balbu mbili za wati 21 kwa saa 10 zinakula ampea-saa 35, na betri ya gari dogo inabeba karibu hizohizo. Utaona pia gia inatoka P, ile ya kuegesha, bila kukanyaga breki. Langu lilifanya hivyo miezi miwili nikidhani betri ni mbovu, nikanunua mpya bure.

Msafiri wa Tabata: Mama Juhudi, nimepiga magoti hapa na tochi ya simu. Vipande vinne, rangi ya bluu, vinasagika kwenye vidole. Tundu liko wazi kwenye bati la pedeli. Jirani amefika na jampa, tumepitisha bolti na nati kwenye lile tundu. Mlinzi amesimama nyuma ya gari, anasema zimezima.